Tumbo, Usingizi na Utulivu wa Moyo
(Mazungumzo mbele ya waumini na majirani, Mbamba Bay)



Wazee wetu, mama zetu, ndugu zetu mliotelemka kutoka Songea na Mbinga, nanyi majirani wa ufukweni mliokubali kuketi nasi katika sherehe hii: Kamati ilipotuomba tuseme neno juu ya afya katika maadhimisho ya hekalu letu, ilikuwa rahisi kuchagua kisukari au shinikizo la damu, maradhi yanayotajwa kila mahali. Lakini tulipowauliza watu wetu ni jambo gani linalowasumbua zaidi, jibu lililorudi mara kwa mara lilikuwa usingizi. Wapo wanaolala mapema, kisha saa nane za usiku macho yanafumbuka na mawazo yanaanza kutembea. Wapo wanaoamka wamechoka kuliko walivyolala. Na wengi wa hao hao, mazungumzo yakiendelea kidogo, husema kuwa tumbo nalo si zima: linajaa gesi, linaunguza, au choo kinakuwa kigumu kwa siku tatu.

Tumeamua basi kuzungumza juu ya mambo hayo mawili pamoja, na juu ya la tatu linaloyafuata, yaani utulivu wa moyo. Lugha yetu ya Kiswahili ilikwisha kuona undugu huo zamani, kwani mtu mwenye hofu tunasema yu tumbo joto. Nasi wasomaji wa Bhagavad Gita tunajua kuwa sura ya 6 inaweka chakula na usingizi katika fundisho moja la kiasi, wala haivitenganishi. Tunachotaka kueleza leo ni kile ambacho vipimo vya wanasayansi vimeongeza juu ya hayo, na pia mahali ambapo vipimo hivyo bado havijafika, kwa sababu siku hizi tumbo limekuwa biashara kubwa na maneno mengi yanauzwa pamoja na vidonge.

Tuanze na ujenzi wenyewe. Ndani ya kuta za utumbo wa mwanadamu kuna chembe za neva zaidi ya milioni 100, mtandao unaoweza kuendesha kazi ya kusaga na kusukuma chakula pasipo kungoja amri ya ubongo. Kati ya tumbo na ubongo hupita neva ndefu iitwayo vagasi. Mtu angedhani kazi yake ni kupeleka amri za ubongo chini. Kumbe sehemu kubwa ya nyuzi zake, kiasi cha nne katika kila tano, hubeba habari kutoka chini kwenda juu. Tumbo linasema kuliko linavyoambiwa.

Hapo hapo tuondoe dhana moja iliyoenea sana. Mmesikia ikisemwa kwamba serotonini, kemikali inayohusishwa na furaha, hutengenezwa tumboni kwa zaidi ya asilimia 90, na kwa hiyo ukila chakula fulani furaha inapanda kichwani. Nusu ya kwanza ni kweli. Nusu ya pili si kweli kwa namna hiyo, kwa maana serotonini ya tumboni haivuki kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Ubongo hujitengenezea ya kwake. Ile ya tumboni ina kazi zake, mojawapo ni kuusukuma utumbo na kuigusa ile neva ya vagasi. Ushawishi upo, ila hupita njia ya mzunguko, kama mtu anayetaka kufika Liuli kwa kupitia Mbinga.

Njia nyingine inapita kwa bakteria. Katika utumbo mpana wanaishi bakteria kwa matrilioni, na chakula chao kikuu ni kile sisi tusichoweza kukisaga wenyewe, yaani nyuzinyuzi za mboga, maganda ya kunde, punje zisizokobolewa. Wakizichachusha, hutoa asidi ndogo ndogo zinazolisha ukuta wa utumbo na kutuliza kinga ya mwili. Wakikosa nyuzinyuzi, huanza kula ute unaoukinga ukuta huo, na kinga ya mwili hubaki macho kama mlinzi aliyesikia kishindo. Hali hiyo ya mwili kuwaka moto mdogo mdogo wa ndani, usioleta homa lakini unaoonekana katika vipimo vya damu, imekutwa kwa baadhi ya wagonjwa wa sonona, na huenda pamoja na usingizi mbovu.

Je, chakula cha kwetu kinahusikaje? Hapa hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika Moshi na vijijini Kilimanjaro, kwa ushirikiano wa watafiti wa KCMC na wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi. Wanaume 77 wenye afya walishiriki. Waliozoea chakula cha asili, chenye mboga za majani, kunde, ndizi, viazi na nafaka zisizokobolewa, walihamishiwa kwa wiki 2 kwenye chakula cha mtindo wa Ulaya na Marekani, kilichosindikwa na chenye nyuzinyuzi chache. Wengine waliozoea hicho cha pili walirudishwa kwenye cha asili. Kundi la tatu lilikunywa mbege kwa wiki 1. Waliohamia chakula cha kisasa, alama za ule moto wa ndani zilipanda katika damu yao, na chembe zao za kinga zikapungukiwa na uwezo wa kupambana na vijidudu. Waliorudi kwenye cha asili, na hata wale wa mbege, mambo yalikwenda upande wa kutulia. Wiki 4 baada ya zoezi kwisha, baadhi ya mabadiliko hayo yalikuwa bado yanaonekana.

Tuseme wazi kwamba utafiti ule haukupima usingizi wala huzuni. Ulipima kinga na damu. Nasi hatuhubiri mbege mahali hapa, na mama zetu wasitutazame hivyo. Lakini jambo la wiki 2 lilitugusa sana. Tangu lami ifike kutoka Mbinga, malori hushuka kwetu na biskuti, tambi za pakiti, soda, mikate myeupe na soseji kwa wingi tusiouzoea. Barabara tumeishangilia, na tutaendelea kuishangilia, maana inampeleka mgonjwa hospitali na kuwafikisha usipa sokoni. Ila mtoto wa Mbamba Bay anayekunywa chai ya sukari na mkate mweupe asubuhi, chipsi mchana na tambi usiku, amehama meza ya babu yake pasipo kuhama nyumba.

Na meza ya babu ilikuwa na nini? Ufukweni ni ugali wa muhogo, usipa, kisamvu na matembele. Kule juu Umatengo ni maharage na mahindi kutoka kwenye ngoro, yale mashimo ya mteremkoni ambayo Wamatengo wameyalima kwa vizazi vingi. Katika nyumba zetu za Kihindu ni dengu, choroko, mbaazi, roti ya unga wa ngano nzima, na mtindi mwepesi uitwao chaas. Wengi wetu hatuli samaki, lakini muhogo tunaula sote. Tumeuita mogo kwa muda mrefu hata watoto wetu hudhani neno hilo ni la Kigujarati. Sabudana ya siku ya mfungo, ile lulu nyeupe tunayoiagiza kwa bei ghali, nayo ni wanga wa muhogo uliosafiri.

Tusiusifu muhogo kupita kiasi. Peke yake ni wanga, na nyuzinyuzi zake si nyingi. Thamani ya sahani ile hutoka kwa kilichowekwa pembeni: kisamvu, maharage, mboga. Anayebaki na bonge la ugali na mchuzi mwepesi hajala chakula cha babu, amekula nusu yake. Na muhogo mchungu una sumu ya sianidi ambayo lazima iondolewe. Ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu ghafla, umewahi kuwapata watu kusini mwa Tanzania, Mbinga ikiwa miongoni, katika nyakati ambazo muhogo uliliwa kwa haraka bila kulowekwa na kukaushwa sawasawa. Taasisi ya Chakula na Lishe ilifuatilia wagonjwa hao na kufundisha njia rahisi ya nyongeza: unga huchanganywa na maji, hutandazwa kwa tabaka jembamba, huachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha ugali husongwa siku hiyo hiyo. Njaa ikija, hatua hiyo isirukwe.

Kuloweka huko ni uchachushaji, na hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, kwani jambo hili limo mikononi mwa akina mama na halihitaji fedha. Mkoa wa Ruvuma una togwa. Uji wa mahindi hupikwa, ukapoa ukawa vuguvugu, ukatiwa kimea cha ulezi, ukafunikwa hadi kesho yake uwe na uchungu mtamu usiolevya. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Tanzania na Sweden walionyesha kuwa watoto wadogo waliopewa togwa walikutwa na bakteria wachache wa kuharisha katika choo chao. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Stanford kilitoa matokeo ya watu wazima 36: waliokula vyakula vilivyochachushwa kwa wiki 10, mtindi ukiwemo, walipata aina nyingi zaidi za bakteria tumboni, na alama za moto wa ndani zikashuka. Kwa hiyo togwa ya jirani, na chaas, na dhokla iliyoumuliwa usiku kucha kwa mtindi, ni dada wa tumbo moja. Tunasikitika tukiona mama anayejua kutengeneza togwa akimpa mwanawe soda ili asionekane mshamba.

Sasa tuje kwenye saa ya kula, ambayo kwa mwambao huu ni jambo zito kuliko hata chakula chenyewe.

Usipa huvuliwa usiku, kwa taa, mwezi unapokuwa umejificha. Maelfu ya wanaume wa Ziwa Nyasa, na wanawake wanaowasubiri alfajiri kupokea na kuanika, huishi nusu ya mwezi kwa saa zilizopinduliwa. Sisi nasi twahesabu mfungo wa Ekadashi kwa mwezi huo huo, siku ya kumi na moja ya kila nusu yake. Labda ndiyo maana twaelewana na wavuvi. Mwili una saa yake. Ile kubwa imo kwenye ubongo na hufuata nuru, lakini ini, kongosho na utumbo vina saa zao ndogo, na hizo hufuata chakula. Mtu akishiba saa saba za usiku, saa ya ubongo inasema ni usiku na ya ini inasema ni mchana. Chakula kile hutoka tumboni polepole, sukari hukaa juu katika damu kwa muda mrefu zaidi kuliko ingekuwa asubuhi, na akijilaza baadaye asidi humpanda kifuani.

Mwaka 2022, watafiti wa Boston, Marekani, waliwaweka watu 19 katika maabara na kuwafanyisha ratiba ya mtu wa kazi za usiku. Kundi moja lilikula mchana na usiku, jingine lilikula mchana tu. Katika kundi la kwanza dalili za huzuni zilipanda kwa asilimia 26 na za wasiwasi kwa asilimia 16. Katika kundi la pili hazikupanda. Watu 19 ni wachache, na maabara si mtumbwi. Hata hivyo twaona habari hiyo inafaa kufika kwa wavuvi wetu, ambao wengi wao hutulia kwa pombe au kwa dawa za dukani pale usingizi wa mchana unapokataa. Hatuwezi kumwambia mtu anayevuta wavu gizani ashinde na njaa. Udhaifu ndani ya chombo ni hatari kuliko huzuni. Tunachopendekeza ni mlo mkubwa ule kabla ya kushuka ufukweni, jua lingali linaonekana. Usiku maji, na kitu kidogo ikibidi, kama kipande cha muhogo wa kuchemsha. Kisha uji au maharage baada ya kuchomoza jua, ndipo alale mahali penye giza. Kazi haibadiliki, bali sahani inasogea.

Nasi tulio nchi kavu tusijione salama. Tazameni Navratri yetu. Mchana tunafunga kwa heshima, jioni tunacheza garba, na saa tano za usiku tunakaa mbele ya viazi vya kukaanga, vada za sabudana na halua, tukiita chakula cha mfungo. Kwa jina ni cha mfungo. Tumbo halijui majina. Wazee waliokula mara moja, mapema, matunda na maziwa, walilala vizuri zaidi kuliko sisi. Ladu za sherehe hii, kwa bahati nzuri, zimegawiwa saa nne asubuhi, kwa hiyo tuleni kwa amani.

Kuhusu chai na kahawa tutasema kwa ufupi, tusije tukawaudhi wakulima wa Mbinga ambao kahawa imewasomeshea watoto. Kafeini hukaa mwilini kwa saa nyingi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2013 uliona kuwa kiasi kikubwa cha kafeini, sawa na vikombe kama 4 vya kahawa, kikinywewa saa 6 kabla ya kulala, kilipunguza usingizi kwa zaidi ya saa 1. Chai ya masala ina kafeini pungufu, lakini mwenye shida ya usingizi na aimalize kabla ya saa kumi jioni. Na katika New York, mwaka 2016, watu wazima 26 waliochunguzwa walionyesha kuwa siku waliyokula nyuzinyuzi chache na mafuta mazito na sukari nyingi, usiku wake usingizi ulikuwa mwepesi na wa kukatika katika. Usiku mmoja tu. Wala jambo hili haliendi upande mmoja, kwani aliyelala vibaya huamka akitamani sukari na mafuta, na hivyo mzunguko unajifunga.

Lakini tuwaondolee hofu moja wale wanaoamka usiku. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Watanzania wenzetu wanaoishi kwa mizizi, matunda, asali na nyama, wana bakteria wa tumboni wa aina nyingi kuliko watu wa mijini Ulaya, na nyuzinyuzi wanazokula kwa siku ni mara kadhaa ya zetu. Mngetarajia walale kama watoto. Watafiti walipowapima pamoja na jamii mbili nyingine za namna hiyo, za Namibia na Bolivia, katika matokeo ya mwaka 2015, walikuta usingizi wa kati ya saa 5.7 na 7.1 tu kwa usiku, na hata hivyo waliolalamika kukosa usingizi walikuwa wachache mno. Miaka miwili baadaye, Wahadzabe 33 walifuatiliwa kwa siku 20. Katika muda wote huo, dakika ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18. Daima palikuwa na mtu macho, hasa wazee. Kwa hiyo babu anayeamka saa tisa, akasikiliza mawimbi, kisha akalala tena, na mchana ana nguvu zake, si mgonjwa. Asitafutiwe kidonge.

Mgonjwa ni yule ambaye kwa wiki mbili au zaidi halali, hali, hataki watu, anajiona hana thamani, au anasema maneno ya kufa. Hapo tuwe makini sana na mipaka ya chakula. Mwaka 2017 huko Australia, watu 67 wenye sonona ya wastani hadi kali waligawanywa makundi mawili kwa wiki 12. Kundi la kwanza lilisaidiwa kuboresha chakula, kwa mboga, kunde, nafaka nzima, samaki na karanga. La pili lilipewa watu wa kuzungumza nao. Katika kundi la chakula asilimia 32 walitoka kwenye sonona, katika lile jingine asilimia 8. Ni habari njema. Lakini tuisome yote: theluthi mbili ya waliobadili chakula walibaki na sonona, na wengi wao walikuwa tayari wanatumia dawa au wanaonana na mtaalamu, wala hawakuambiwa waache. Yeyote atakayemwambia mgonjwa wa akili atupe dawa zake anywe togwa, amemdhuru.

Nyumba zetu, na hapa twazungumza hasa na wenzetu wa jumuiya, zina desturi ya kuficha. Binti halali miezi mitatu, tunasema ana gesi. Kijana amejifungia chumbani, tunasema amechoka na duka. Tumbo limekuwa pazia, maana kuumwa tumbo hakuna aibu. Na ni kweli tumbo linauma, kwa sababu zile neva tulizozitaja hupeleka dhiki chini kama zinavyopeleka habari juu. Hununuliwa dawa ya asidi, kisha antibiotiki bila kipimo, ambazo huua bakteria wema pamoja na wabaya, na binti anarudi palepale akiwa na tumbo bovu zaidi. Anayehudumia mgonjwa wa namna hiyo aulize maswali mawili kwa pamoja, linauma wapi na moyo ukoje, kisha amsindikize zahanati au hospitali ya wilaya, ambako anaweza kupewa rufaa ya mkoa Songea, na ikilazimu hata Mirembe, Dodoma. Amsindikize mwenyewe, asimtume peke yake. Na siku ya kurudi kwa daktari aiandike ukutani pale pale inapoandikwa Ekadashi.